Ukoma, na Woga Ulio Moyoni Mwetu

Katika fundisho la mwezi huu twataka kusema habari ya ugonjwa mmoja wa mwili, nao ni ukoma. Lakini zaidi twataka kusema habari ya ugonjwa mwingine, unaowapata watu wasio na ukoma. Ugonjwa huo wa pili hauna jina moja katika lugha yetu. Si chuki hasa, maana mtu aweza kuwa nao na huku hamchukii mtu awaye yote. Ni hukumu iliyokatwa kabla shahidi hajasikiwa. Mtu hutazamwa mara moja, au hutajwa jina la ukoo wake tu, na papo hapo moyo wetu umekwisha kumwekea mahali pake. Na tangu hapo yote ayatendayo twayapima kwa kipimo kile kile. Watu huhukumiana hivi kwa kabila, kwa dini, kwa umaskini, hata kwa namna ya kusema. Sisi tumechagua ukoma kwa kuwa habari zake zajulikana sana siku hizi, wala hakuna mwenye kusoma awezaye kujitetea kwa kusema hakuambiwa. Tena tumeuchagua kwa sababu katika jambo hili sisi wenyewe tuna deni.

Na tuanze na deni hilo, ili msomaji ajue ni nani asemaye naye.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukifundisha, alirudi mzee mmoja aliyekaa muda mrefu katika makazi ya wakoma. Alirudi na barua ya daktari iliyosema ya kwamba amekwisha kupona, wala hawezi kumwambukiza mtu. Barua ile ikasomwa mbele ya wazee wa kanisa, nao wakamshukuru Mungu, nasi tukashukuru pamoja nao. Jumapili iliyofuata mzee akaja kanisani. Akaketi katika benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na benchi lile, ambalo siku zote hugombaniwa na vijana, siku ile likawa lake peke yake. Wakati wa Chakula cha Bwana akaja mwisho wa wote. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, wala hakuna aliyemwambia aje katikati ya wenzake. Juma kwa juma ikawa desturi, hata mgeni angalidhani imeandikwa katika sheria za usharika.

Ibada ilipokwisha tulisimama mlangoni, kama ilivyo kazi yetu, tukiwapa watu mkono. Tulipomwona mzee akija, tukashika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kuume na daftari kwa mkono wa kushoto, tukamwitikia salamu kwa kinywa tu, tena kwa sauti ya furaha kuliko ile tuliyotumia kwa wengine. Alikuwa ameanza kuunyosha mkono wake, ambao vidole vyake viwili vimefupika. Akaugeuza njiani, akajishika ukosi wa shati. Ndipo tukajua ya kwamba ameona. Jumapili ya pili vitabu vilikuwa mikononi mwetu hata kabla hajaondoka kwenye benchi lake. Jumapili ya tatu hakujaribu tena kuunyosha mkono.

Basi sasa na tuutazame ugonjwa wenyewe, kisha tutarudi kwa mzee huyu.

Wengi hudhani ya kuwa ukoma ni ugonjwa wa nchi za joto, na ya kuwa watu wa Ulaya hawaujui. Sivyo. Katikati ya karne ya 19 nchi ya Norwei, nchi ya baridi na theluji, tena nchi ya Walutheri, ilikuwa na wakoma karibu 3,000. Katika mji wa Bergen ilikuwako hospitali ya kale iitwayo St. Jørgen, iliyowapokea wakoma tangu karne ya 15. Wagonjwa wawili wa mwisho wa hospitali hiyo walikufa mwaka 1946, na nyumba zake sasa ni makumbusho. Katika mji huo alikuwako tabibu mwenye sifa kubwa, Daniel Cornelius Danielssen. Yeye alisadiki ya kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo, ndivyo walivyosadiki wazee wetu wengi pia, waliowakataza watoto wao kuoa katika nyumba fulani. Danielssen alisadiki neno hilo hata akajitia mwilini mwake mwenyewe vitu vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, apate kuonyesha ya kuwa hauambukizi. Naye hakuugua. Mtu angeweza kusema, Neno limekwisha thibitika!

Lakini mkwe wake, Gerhard Armauer Hansen, hakuridhika. Mwaka 1873 aliona kwa darubini vijidudu vidogo, mfano wa vijiti, katika nyama iliyotolewa kwa wakoma, akasema ya kwamba hao ndio waletao ugonjwa. Watu hawakumsadiki upesi, lakini neno lake lilikuwa kweli. Ukoma si laana ya mababu, wala si kazi ya mchawi, wala haukai katika damu ya ukoo. Ni ugonjwa wa vijidudu, kama vile kifua kikuu kilivyo ugonjwa wa vijidudu.

Hapa tungeweza kumsifu Hansen na kuendelea mbele. Lakini kweli hutudai tuseme na neno jingine. Mwaka 1879, kwa kutaka kuonyesha ya kuwa ugonjwa waweza kupandwa toka mtu mmoja kwa mwingine, alimchoma jichoni mwanamke mmoja mgonjwa kwa kitu kilichotoka kwa mkoma mwingine, wala hakumwomba ruhusa, wala hakumweleza afanyalo. Yule mwanamke akapeleka mashtaka, na mwaka 1880 baraza la hukumu likamwondoa Hansen katika kazi yake ya hospitalini, ingawa aliachiwa kazi ya kuwa mganga mkuu wa ukoma katika nchi. Fikirini neno hili. Mtu aliyeyajua mambo ya ukoma kupita watu wote wa siku zake alikuwa hajamwona bado yule mtu aliyelala mbele yake. Alimwona mkoma. Kujua ugonjwa ni jambo moja, kumjua mgonjwa ni jambo jingine.

Yaliyojulikana baada ya Hansen twayataja kwa kifupi. Vijidudu vya ukoma huongezeka polepole sana, hata mtu aweza kukaa miaka mitano, au hata miaka 20, tangu vilipomwingia mpaka dalili kuonekana. Huenezwa kwa matone yatokayo puani na kinywani mwa mgonjwa asiyepata dawa, tena kwa kukaa naye karibu muda mrefu. Havienezwi kwa kupeana mikono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kuketi benchi moja. Tena miili ya watu walio wengi sana, yapata watu 95 katika kila 100, ina nguvu ya kuvishinda hata vikiwaingia. Na kwa sababu hiyo Danielssen hakuugua. Dawa za kwanza zenye nguvu zilianza kutumika katika miaka ya 1940. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likaagiza ya kwamba wagonjwa watibiwe kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure kwa wagonjwa wa dunia nzima. Mgonjwa hunywa dawa kwa miezi 6 au 12, kwa kadiri ya ugonjwa wake, na baada ya kuanza dawa hukaa muda mfupi tu, kisha hawezi tena kumwambukiza mwenziwe. Walakini ugonjwa haujaisha. Kila mwaka watu zaidi ya 150,000 huonekana nao upya, wengi wao katika nchi za India, Brazili na Indonesia, na nchi yetu ya Tanzania imo katika hesabu hiyo.

Hapa waalimu watatuuliza, Je, mbona Biblia yenyewe yawaweka wakoma nje ya kambi? Ni swali jema, nasi twataka lijibiwe kwa uangalifu, maana mahubiri mengi yameongeza uzito juu ya watu waliokwisha lemewa. Msomaji afungue kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, asome pole pole mpaka mwisho. Ataona ya kwamba jambo lile liitwalo ukoma huonekana katika ngozi ya mtu, na katika nguo ya sufu, na katika ngozi iliyotengenezwa, hata katika kuta za nyumba. Ukoma tuujuao sisi haushiki nguo wala ukuta. Tena sura hizo hazitaji hata mara moja ganzi ya mwili, ambayo ndiyo alama kubwa ya ukoma. Kwa hiyo wenye elimu ya lugha ya Kiebrania hutuambia ya kuwa neno lile lilikusanya namna nyingi za upele, na mabaka, na ukungu. Mwalimu asimamaye mbele ya watu na kusema ya kwamba ukoma ni mfano wa dhambi, na huku mtu aliyeugua yumo katika benchi la nyuma, na ajiulize anafundisha nini.

Sasa twataka kukawia kidogo katika maisha ya mtu mmoja, kwa sababu ndani yake twaona jinsi woga huu uingiavyo hata katika nyumba za watu wema, na jinsi utokavyo. Jina lake Paul Brand. Alizaliwa mwaka 1914 huko India, katika milima iitwayo Kolli, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza, naye alikufa mwaka 2003. Baba yake alikuwa na kawaida ya kuwatibu watu waliomjia na vidonda. Lakini siku moja walikuja watu watatu wenye ukoma, na mtoto Paul akaona jambo asilolizoea. Yeye na dada yake wakaamriwa kuingia ndani. Baba akavaa mifuko ya mikono, akawafunga vidonda vyao pasipo maongezi yake ya siku zote. Mama akaleta chakula katika kikapu. Wale watu walipokwenda zao, kikapu kile hakikutumika tena, kikachomwa moto. Hakuna aliyemwambia mtoto yule neno la chuki juu ya wakoma. Kikapu kilichochomwa kilimfundisha. Nasi sote tuna vikapu vyetu. Nyumbani kwa bibi yetu palikuwa na kata moja ya maji iliyotundikwa nje ya mlango, mbali na nyingine, kwa ajili ya wapita njia wa namna fulani. Hatukumbuki kuambiwa ni ya nani. Tulijua tu.

Brand akawa daktari wa kupasua, akarudi India kufundisha katika chuo cha utabibu cha Vellore. Mwaka 1947 alikwenda Chingleput kumtembelea Daktari Robert Cochrane, aliyekuwa mkuu wa makazi ya wakoma huko. Walipokuwa wakitembea, Brand akaona mikono mingi iliyokunjamana kama kucha za ndege. Akamwendea mtu mmoja, akatia mkono wake ndani ya mkono wa yule mgonjwa, akamwambia aubane kwa nguvu zake zote. Alidhani ataguswa kwa udhaifu tu. Kumbe mkono ule ukambana hata akaumia. Akamtazama usoni kama amekusudia kumwumiza. Naye hakuwa na kusudi lo lote. Hakujua. Mkono wake ulikuwa na nguvu, lakini haukuwa na fahamu.

Toka siku ile akaanza kuuliza swali ambalo wengi waliokuwa kabla yake hawakuliuliza, kwa kuwa walidhani jibu lajulikana. Watu wote walisema ya kwamba ukoma hula nyama ya mtu, na ya kuwa vidole huoza vikaanguka. Brand hakuona hivyo alipochunguza. Alimwona kijana akizungusha ufunguo katika kufuli lenye kutu, ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulifungua. Alipoutazama mkono wa kijana, damu ilikuwa ikidondoka, na ufunguo umekata hata mfupa. Kijana hakusikia kitu. Tena wagonjwa wengine walikuwa wakiamka asubuhi na kuona sehemu ya kidole haipo, nao wakasadiki ya kwamba ndiyo kazi ya ugonjwa. Wakawekewa mlinzi wa usiku, akaona ni panya wanaowatafuna katika usingizi. Wakapewa paka, na jambo hilo likakoma. Basi ukoma hauli vidole. Ukoma huua mishipa ya fahamu, na mtu asiyesikia maumivu huyaharibu mwenyewe mikono na miguu yake kwa moto, kwa miiba, kwa mpini wa jembe, kwa kiatu kibaya.

Msomaji aone jinsi hukumu ya watu ilivyokuwa imefunga hata macho ya waganga. Kwa kuwa kila mtu alijua ya kwamba mkoma huoza, hakuna aliyekaa karibu naye kwa kutwa nzima kutazama ni nini hasa kinachomtoa damu.

Lakini haya yote ni elimu bado. Jambo ambalo Brand mwenyewe alisimulia mara nyingi ni la usiku mmoja katika mji wa London. Alikuwa akirudi toka safari ya Marekani, amechoka, tena amekuwa na homa, naye alisafiri kwa gari la moshi muda mrefu akiwa amekaa pasipo kujigeuza. Alipokuwa akivua soksi chumbani mwake akaona ya kuwa hana fahamu katika kisigino kimoja. Akatwaa sindano, akajichoma. Hakusikia. Akaichoma zaidi mpaka damu ikatoka. Hakusikia. Miaka ile yote alikuwa amewaambia wasaidizi wake wasiogope, akiwafundisha ya kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa upesi. Sasa usiku kucha hakulala. Akaona katika mawazo yake mke wake na watoto wake, na jinsi itakavyompasa kukaa mbali nao. Akafikiri ni nani atakayependa kumpa mkono. Akaona kazi yake imekwisha. Mambo yale aliyowaambia wagonjwa kwa sauti ya utulivu, ya kuwa si msiba mkubwa, yakamrudia, naye akaona ni maneno mepesi. Kulipokucha akaitwaa sindano tena, akajichoma, na papo hapo akapiga kelele kwa maumivu. Ilikuwa ganzi ya kukaa vibaya tu. Akafurahia maumivu yale kama zawadi.

Tumesoma watu wakisimulia habari hiyo ili kuonyesha faida ya maumivu, na ni kweli. Sisi twaitazama kwa upande mwingine. Brand hakuficha ya kwamba aliogopa. Angaliweza kunyamaza, maana alikuwa peke yake chumbani. Lakini kwa kuusema woga wake alikubali mambo mawili: ya kwamba ndani yake kile kikapu cha utotoni kilikuwa kikiwaka bado, na ya kwamba kwa usiku mmoja alikuwa amekaa mahali wanapokaa wagonjwa wake kwa miaka 30.

Kuna na jambo jingine alilolipata Vellore. Alijifunza kuinyosha mikono ile iliyokunjamana kwa kuihamisha mishipa ya kano, na wagonjwa wakaweza kushika tena. Lakini mmoja wao alipotoka akarudi kwa manung'uniko, akasema ya kwamba mikono yake mipya ni mibaya kwa kuombea sadaka. Zamani watu walipoiona mikono iliyokunjamana walimhurumia wakampa. Sasa hakuna ampaye kitu, wala hakuna ampaye kazi, kwa kuwa alama za ugonjwa zingali zaonekana. Mkono wa mtu ulipona, macho ya mji hayakupona. Tukubali ya kuwa huruma ile ya sarafu iliyotupwa toka mbali nayo ilikuwa njia ya kumweka mbali.

Na jambo lituaibishalo ni hili. Siku ile tuliposhika vitabu kwa mikono miwili mlangoni mwa kanisa, karibu mambo haya yote tulikuwa tumekwisha kuyajua. Tulikuwa tumemsoma Hansen. Barua ya daktari tuliisoma sisi wenyewe mbele ya wazee, kwa kuwa mwandishi wa usharika hakuwapo. Kwa hiyo hatusadiki neno lisemwalo mara nyingi, ya kwamba woga huu ni kukosa elimu, na ya kuwa watu wakifundishwa utakwisha. Elimu huondoa udhuru. Haiondoi mkono nyuma ya kitabu.

Mtume Petro aweza kutusaidia hapa, si kwa ushindi wake tu. Sote twaijua sura ya 10 ya Matendo ya Mitume, jinsi alivyoingia nyumbani mwa Kornelio, akida wa Kirumi, huko Kaisaria. Tukitazama vema twaona ya kwamba hakuingia akijifanya mtu asiye na shida na watu wa mataifa. Aliwaambia waziwazi, mbele ya jamaa na rafiki wa nyumba ile, ya kuwa desturi yake ilimkataza, na ya kuwa yeye amefundishwa vingine. Kisha akawauliza wamemwitia nini, akanyamaza, akasikiliza. Hayo huhubiriwa kila mara. Lakini waalimu wachache huendelea mpaka Wagalatia sura ya 2. Huko Antiokia Petro yule yule alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, na walipokuja watu fulani toka Yerusalemu akajitenga, akaondoka mezani kwa kuwaogopa. Maono yake hakuyasahau. Ila aliwaona watu wanaomtazama. Paulo akamkemea mbele ya wote. Basi mtu asidhani ya kuwa akishinda mara moja amekwisha. Hukumu hizi hurudi kwa mlango wa nyuma, hasa watu wetu wanapotutazama.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Siku moja binti yake alitukuta njiani, akatuambia kwa adabu ya kwamba baba hatakuja tena kanisani, miguu yamsumbua. Tulijua ya kuwa si miguu. Wazo letu la kwanza lilikuwa kumtuma mzee mmoja wa kanisa aende kumwangalia, na wazo hili tulilivika nguo nzuri sana, ya kuwa wazee nao wapewe kazi. Tukakaa nalo siku mbili. Siku ya tatu tukaenda wenyewe.

Tulimkuta chini ya mti nyuma ya nyumba akisuka kikapu. Akatukaribisha, binti yake akaleta kigoda. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi ya faraja, lakini tulipoketi tukaona ya kuwa maneno yale yote yalikuwa habari ya ugonjwa wake, wala hakuna hata moja lililokuwa habari ya kosa letu. Tukayaacha. Tukamwambia ya kwamba siku zile mlangoni tulishika vitabu kwa kusudi, ili tusimpe mkono. Na ya kwamba tulijua si hatari, na bado tulifanya hivyo.

Akacheka kidogo. "Najua, mwalimu," akasema. "Kitabu cha nyimbo ulikishika kichwa chini."

Kisha akanyamaza, akaendelea kusuka, nasi hatukuona neno la kuongeza. Alipoanza kusema tena, alisema jambo ambalo hatukulitazamia. Akasema ya kwamba alipokuwa kijana, kabla hajaugua, palikuwa na mwanamke kijijini kwao aliyepatwa na ukoma, na vijana wakaitwa kwenda kumjengea kibanda mbali, ng'ambo ya kijito. Yeye alikuwa miongoni mwao. Alibeba miti. Alipofika na mzigo wake hakuutua karibu na yule mama, aliutupa toka mbali akakimbia, na wenzake wakacheka, naye akacheka. "Basi lilipotokea baka mkononi mwangu, jeupe-jeupe, lisilosikia hata likichomwa na mwiba, nilijua ni nini siku ile ile. Nikavaa shati la mikono mirefu. Miaka miwili, mwalimu, jua na mvua, shati la mikono mirefu. Sikuogopa ugonjwa. Niliwaogopa watu kama mimi."

Katika miaka miwili ile ndipo ganzi ilipoenea mpaka vidoleni, na siku moja akashika chungu motoni asisikie. Vidole viwili vile havikupotea kwa kukosa dawa. Dawa zilikuwako hospitalini, tena bila fedha, kwa mwendo wa kutwa moja. Mambo haya twawaomba waalimu wayaweke moyoni wanaposema habari ya ukoma mbele ya vijana, na wakiona baka lililofifia rangi, lisilowasha wala kusikia mguso, wasipige mbiu bali wamchukue mtu huyo kwa siri na upole mpaka zahanati, tena mapema.

Yule mama alikufa kule kibandani. Mzee alituambia ya kuwa amewahi kutafuta watoto wake apate kuwaambia aliyoyatenda, akampata mmoja, naye alikuwa hakumbuki. Hatukujua la kumjibu, wala hatukujaribu.

Binti akaleta uji katika vikombe. Tunasema kweli: kikombe kilipofika mkononi mwetu moyo ulishtuka, kama ulivyozoea. Tukanywa. Uji ulikuwa na chumvi nyingi. Baada ya hapo tukaongea habari ya vikapu, maana binti huviuza sokoni pasipo kusema ni nani aliyevisuka, na mzee hakupendezwa na jambo hilo. Kazi yake ni nzuri, naye ataka ijulikane ni yake. Akatuonyesha pia jinsi aitazamavyo miguu yake kila jioni kwa taa, wayo na vidole, kama ana kidonda asichokisikia, kwa kuwa macho yake yamekuwa badala ya maumivu.

Jua lilikuwa limeshuka tulipoinuka. Tukaunyosha mkono. Mzee akautazama kitambo, akafuta wake katika nguo, akaushika, na huku macho yake yako pale pale mikono ilipokutana.

"Nikibana sana uniambie, mwalimu," akasema, "maana mimi sisikii."